Maua ya Swala

Kuna swali ambalo nikiulizwa tena nitajibu vibaya, na nasema mapema ili mtu asije akashangaa. Swali lenyewe ni hili: "Wewe si wa Kenya? Basi wanyama unawajua." Nimeulizwa na mameneja, nimeulizwa na madereva wa teksi, nimeulizwa hata na watoto wa shule waliokaa kiti cha nyuma cha gari la mama yao huku mimi nikiwafungulia geti. Mimi nimezaliwa Nyahururu, kwenye viazi na baridi. Simba nilimwona kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni kwetu. Mnyama mkali kuliko wote niliowahi kuishi nao alikuwa jogoo wa shangazi yangu, na huyo tulimla. Lakini nilipofika Dubai nikavishwa sare ya askari, nikawa mtaalamu wa mbuga kabla hata sijajua choo cha wafanyakazi kiko wapi.

Mtaa niliolinda ni wa nyumba kubwa za kujitegemea, pale mji unapoishia na mchanga unapoanza. Wenyewe wanaziita villa. Kila villa ina bustani, na kila bustani ina mabomba ya kumwagilia yanayotema maji hata saa saba mchana, wakati askari amesimama juani akitamani hata tone la kunawa uso. Walioujenga mtaa ule walileta swala. Walileta wachache tu, wa kupendeza macho, wale wadogo wa jangwani wenye mgongo wa rangi ya mchanga na tumbo jeupe. Kwenye bango la barabarani waliweka picha ya swala akinusa mkono wa mtoto. Watu wakaiona picha, wakanunua nyumba.

Kisha wakaanza kuwalisha. Karoti, letasi, mkate, chipsi, tende, hata keki ya siku ya kuzaliwa. Swala wa jangwani huishi kwa kubahatisha jani hapa na jani pale, na hawa walikuwa wakila kama wageni wa harusi. Fisi hakuna, chui hakuna, ukame hakuna. Wakazaa, na watoto wao wakazaa, hadi ikawa ukifungua geti asubuhi unakuta kundi limelala kwenye barabara ya kuingilia, na gari la taka linapiga honi nyuma yao.

Hapo ndipo mapenzi yalipoisha. Swala walikula maua, walikunya kwenye vibaraza, na mmoja aliruka mbele ya gari jipya likavunjika taa. Dume kubwa kuliko wote lilizoea kusimama kwenye uwanja wa watoto, karibu na bembea, likikataa kuondoka. Wakazi walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na wasichana wa kazi walikuwa wakitusomea getini yanayoandikwa humo. Mmoja aliandika kwamba hakununua villa ili aishi zizini.

Aliyelalamika kuliko wote alikuwa madam wa villa inayotazamana na bustani ya kati. Ni yeye aliyekuwa akilisha dume lile karoti kwa mkono wake, na watoto wake ndio waliolipatia jina, jina la kibinadamu kabisa. Baadaye akapanda mawaridi, dume likayala, na urafiki ukafa siku hiyo. Kila asubuhi simu ya geti ililia. "Security, come." Nakwenda, naanza kupunga kofia na kusema shii, shii, naye amesimama mlangoni na joho lake la kulalia akininyooshea kidole mahali pa kufukuza. Swala walikwenda hatua chache, wananingoja niondoke, wanarudi. Nilikuwa nikirudi getini nimeloa jasho na nimejaa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani, maana swala hawakuwa na kosa.

Aliyenipa maneno ya kuisema alikuwa Bibi. Bibi ni mama mzee wa Unguja, alikuja huku akiwa msichana, sasa anaishi na mwanawe katika villa ya karibu na geti. Akisikia tunaongea Kiswahili alikuwa akijiburura na viatu vyake vya nyumbani hadi kibanda chetu cha getini, atusalimie tu. Kiswahili chetu kilimchekesha. Sisi tulisema swara, yeye alisema paa.

"Hawa paa hawana kosa, mwanangu," aliniambia. "Kosa la aliyewaleta. Kakitia kiumbe cha Mungu bustanini mithili ya sanamu, sasa anakasirika kwamba kinakula."

Niliyepangwa naye getini alikuwa kijana wa Murang'a. Nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Yeye aliniita sista. Alikuwa amefika mwaka huo huo, mchangamfu, mwenye kupiga pasi sare yake hadi mikunjo ikasimama. Baba yake alikuwa ameuza shamba la chai ili ajenti apate chake na yeye apate visa. Kwa hiyo mwenzangu hakuwa na ruhusa ya kurudi kwao kabla ya mkataba kuisha. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa mdomo, lakini kila akimaliza kuongea na nyumbani alikuwa anasimama wima zaidi kuliko mwanzo.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi tuliopitia kwa ajenti, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kule Nairobi, katika chumba kimoja juu ya duka la simu, tulipangwa mstari tukafundishwa kujibu. Ajenti alipita mbele yetu akiuliza. Unaweza kuogelea? Yes sir. Unajua kompyuta? Yes sir. Umewahi kufanya kazi hotelini? Yes sir. Anayesitasita alirudishwa nyuma ya mstari aanze upya. Hakutufundisha namna ya kusema sijui. Alisema huko tunakoenda, anayesema sijui anapewa tikiti ya kurudi kwao. Tulikariri hadi jibu likawa linatoka lenyewe, kama vile mtu anavyosema amina kanisani bila kusikiliza sala ilisema nini.

Basi siku moja, tukiwa kwenye ukaguzi wa kabla ya zamu, tumenyoosha vidole ili kucha zikaguliwe, meneja wa mtaa akaja mwenyewe. Si kawaida yake. Msimamizi wetu, Mganda mmoja mwenye haraka ya kudumu, akatuambia tusimame vizuri. Meneja akasema ruhusa imepatikana, swala wanahamishwa, watapelekwa hifadhini jangwani. Kampuni ya kukamata wanyama inakuja na wavu na lori, lakini inahitaji watu wa kujipanga mstari na kuwasukuma. Wote ambao siku hiyo ni mapumziko yao watafika. Hakuuliza nani anapenda.

Kisha akatutazama, akatuona sisi wawili.

"Kenya," akasema. Tulikuwa tunaitwa hivyo, kama vile ni jina la ubatizo. "Ninyi mnawajua hawa wanyama?"

"Yes sir," akasema mwenzangu.

"Umewahi kukamata?"

"Yes sir."

"Na wewe?"

"Yes sir," nikasema mimi, ambaye nilimwogopa jogoo.

"Good," akasema meneja. Msimamizi akapiga makofi mara moja. "Yalla, khalas, kila mtu kwa posti yake."

Baada ya zamu, kwenye basi la kurudi kambini tulikolala, nilimgeukia. "Brathe, wewe umeshika swara wapi?"

"Sista, si ni kama mbuzi tu? Krismasi mimi ndio huitwa kushika mbuzi. Kwetu hakuna mtu hunishinda." Akaonyesha kwa mikono. Mkono mmoja kwenye pembe, mwingine mguu wa nyuma, unainua, unalaza, goti juu ya ubavu. Mbuzi analia kidogo, anatulia. "Na hawa ni wadogo kuliko mbuzi."

Tulicheka. Niseme ukweli, tulicheka sana siku ile.

Wao waliita zoezi lile kuhamisha. Neno zuri, halina damu. Mimi nasema tuliwinda, kwa sababu nilikuwepo. Tulifika asubuhi, jua likiwa bado halijaanza kuchoma. Watu wa kampuni walikuwa wametandaza wavu mrefu wa kijani kutoka ukuta wa villa moja hadi mwingine, umepinda kama faneli, na mwishoni lori limefunguliwa mlango wa nyuma. Sisi askari tukapewa turubai la plastiki, kila mmoja ashike ukingo wake, liwe ukuta unaotembea. Daktari wao wa wanyama alitupa maelezo kwa Kiingereza cha kasi, upepo ukipiga turubai. Nilichokisikia ni hiki: msikimbie, msipige kelele, mnyama akianguka wavuni mngoje watu wangu. Baadaye niliambiwa alisema pia kwamba asiguse mtu pembe. Labda alisema. Alimaliza kwa kuuliza kama tumeelewa, na sote tukajibu tulivyofundishwa.

Wakazi walikuwa juu kwenye roshani zao, na kahawa, na simu zimeinuliwa. Watoto walikuwa bado na nguo za kulalia. Madam wa mawaridi alivaa miwani ya jua. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa kucheza ngoma mbele ya wageni wa heshima, na sikupenda. Siku yangu ya mapumziko huwa nafua, nasuka nywele, napiga simu nyumbani. Siku hiyo nilikuwa nimeshika turubai.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Majike na watoto walitangulia, wakaingia kwenye faneli, wakapanda ubao wa lori huku kwato zikigonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Kisha dume kubwa likasimama. Likaangalia lori, likaangalia wavu, likageuka likatutazama sisi. Likaja mbio kuelekea kwenye mwanya kati ya turubai na ukuta, na aliyesimama karibu na mwanya alikuwa mwenzangu.

Meneja alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. "Kenya, mshike. Si ulisema unajua. Mshike."

Mwenzangu akaachia turubai akalishika. Alilishika vizuri sana, kama anavyoshikwa mbuzi wa Krismasi. Mkono kwenye pembe, mkono mguuni, akainua. Lakini mbuzi amezoea watu, na swala hata akilishwa keki miaka mingapi ni springi tupu. Lilijikunja lote kwa mpigo mmoja. Pembe ikaingia pajani, juu ya goti. Na mwenzangu hakuachia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakuachia. Daktari alikuwa anakimbia akisema achia, achia, lakini aliyesema shika alikuwa meneja, na mwenzangu alikuwa ameshasema yes sir. Wakaanguka wote wawili, yeye juu. Shingo ya dume ikabaki imekaa vibaya.

Nilifungua tai ya sare yangu nikamfunga paja. Suruali ilikuwa imeanza kulowa hadi kwenye kiatu. Alikuwa ananitazama usoni, hatazami mguu.

"Sista, amekufa?"

"Nani?"

"Swara."

Kutoka roshani mtoto alikuwa analiita dume kwa jina lake, akilia. Mama yake, yule madam, alishuka hadi kwenye nyasi bila viatu. Nilidhani anakuja kusaidia. Akapita miguuni kwa mwenzangu, akapiga magoti kando ya swala, akamgeukia yule kijana aliyelala na damu. "Animal," akamwambia. "You are an animal." Meneja akaleta shuka safi. Alimfunika swala.

Ambulensi ilifika haraka, na hospitali walimshona vizuri, siwezi kuwasingizia. Shida haikutoka hospitali. Siku iliyofuata msichana wa kazi wa madam alitusomea kundi la wakazi getini, sauti yake ikishuka kila mstari. Kulikuwa na video. Ilianza pale mwenzangu anaposhika pembe. Sauti ya meneja ikisema mshike haikuwepo, ilikuwa imekatwa, au simu ilianza kurekodi baadaye, sijui na sitaki kujua. Wakazi walitaka hatua zichukuliwe. Walisema ukatili. Walisema watoto hawalali. Mmoja aliuliza watu kama hawa hupatikana wapi. Nikamwambia yule msichana arudie kusoma kutoka mwanzo, polepole, anionyeshe mahali ambapo mtu mmoja tu ameuliza habari ya mguu. Alirudia. Hapakuwepo.

Na hawa ndio walewale walioandika zizi. Walitaka swala waondoke, wakaondolewa mbele ya macho yao, wakanywa kahawa wakitazama. Walichokasirikia ni kwamba waliona jinsi inavyofanyika. Nilisimama pale getini nikiwafungulia, gari baada ya gari, nikiinamisha kichwa na kusema good morning, na kila good morning ilikuwa kama ninameza kokoto.

Bibi alikuja mchana na mkate wa kumimina, umefungwa kwa kitambaa.

"Mpelekee yule kijana. Mguu wake unaendeleaje?"

Katika mtaa mzima, huyo alikuwa wa kwanza kuuliza. Nilimweleza kwamba kampuni imeamua. Wanasema hakuwa kazini, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Wanasema alijitolea mwenyewe, alidanganya kwamba ana uzoefu, akagusa mnyama baada ya kuambiwa asiguse. Kidonda kikifunga anarudishwa kwao.

"Mie nilikuwa dirishani," Bibi akasema. "Nilimsikia yule bwana akimwambia shika."

Akaenda kuvaa baibui lake jipya, akaenda ofisini. Alikaa kitambo. Alipotoka alisimama kibandani kwangu akashika ukingo wa dirisha.

"Nimewambia, mwanangu. Wameniitikia vizuri sana, wamenipa na kahawa. Na mie watu wanaoitikia vizuri nawajua."

Basi nikaenda mimi. Nilikuwa sijawahi kuingia ofisi ile bila kuitwa. Meneja alikuwa na msimamizi wetu, wanatazama ramani ya mtaa, maana kuna swala wachache walibaki na kampuni ya kukamata ilikuwa imeondoka na lori lake kwa hofu ya kelele za wakazi. Nikasema nilichokuja kusema. Kwamba hatukuulizwa nani anapenda, tuliamriwa tufike. Kwamba yeye ndiye aliyesema mshike. Kwamba kijana yule akirudi kwao sasa hana pa kurudi, shamba limeuzwa.

Meneja hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Mimi nilimuuliza kama anajua," akasema. "Alisema nini?"

"Alisema yes sir, sir. Lakini sisi sote husema hivyo."

"Nilikuuliza na wewe. Ulisema nini?"

Nikaitazama ramani yao.

"Basi na wewe ulijitolea," akasema. "Unataka kuandikwa pamoja naye?"

Msimamizi akanishika kiwiko akanitoa nje. Kwenye korido akaninong'oneza, "Nyabo," yaani mama kwa lugha yao, "wacha. Unaona mlango? Wewe bado uko ndani yake. Bakia hapo." Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia hata hivyo, nikamchukia meneja, nikamchukia ajenti na chumba chake juu ya duka la simu. Nilijichukia na mimi kwa jinsi nilivyosema sir mara mbili katika sentensi moja nikiwa nimekwenda kupigana.

Kisha yakaja maua.

Mahali dume lilipofia, wakazi walianza kuweka maua. Mashada ya dukani, yamefungwa kwa utepe. Picha ya dume kwenye fremu, ile ya enzi za karoti. Mishumaa ndani ya glasi. Michoro ya watoto. Kadi moja kubwa iliyosema tusamehe. Madam wa villa ile ndiye aliyepanga kila kitu, na katikati aliweka mawaridi ya bustani yake mwenyewe, aliyoyakata kwa mkono wake. Mawaridi yaleyale yaliyomfanya apige simu getini kila asubuhi.

Tatizo likawa swala waliobaki. Wao hawakujua ni msiba. Waliona maua yamewekwa chini, bila ukuta, bila bomba la kuwarushia maji, wakaja. Wakala mashada mawili kabla ya jua kutoka. Simu ya geti ikalia.

Ndivyo nilivyotolewa getini nikapewa kazi mpya. Kusimama kando ya maua ya swala, kuzuia swala wasiyale. Nawaomba mnaosoma msome sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu mimi niliambiwa mara mbili na bado sikuamini. Msimamizi aliponipa amri hiyo alitazama viatu vyake.

Madam alikuja kuniagiza yeye binafsi. Miwani ya jua, sauti ya upole ya msibani. "Make sure they don't touch the flowers. It's for the children."

"Yes, madam."

Siku hiyo hiyo, saa za asubuhi, ndiyo mwenzangu alikuwa anapelekwa uwanja wa ndege. Alinitumia ujumbe: niko njiani. Sikuruhusiwa kwenda kumuaga kwa sababu zamu yangu ilikuwa ya maua. Nilisimama pale na mikono nyuma, kama kwenye kaburi la mkubwa wa nchi, nikihesabu kichwani yuko wapi sasa. Labda amepita Ras Al Khor, labda wako kwenye foleni ya daraja, mguu ameunyoosha kwenye kiti. Nilikuwa na hasira ya aina ambayo haitoki kwa kulia. Nilitaka kuvunja kitu, na kitu pekee kilichokuwa karibu ni glasi za mishumaa.

Swala wakaja. Walikuwa majike mawili na mtoto. Wakasimama mbali kidogo wakinitazama, wakingoja nipunge kofia kama kawaida yetu. Kofia niliivua. Nikaiweka kwapani. Nikapiga hatua pembeni, nikawapisha.

Walianza na mawaridi. Walikula taratibu, kwa adabu, wakitafuna na kuangalia huku na huku. Jike moja lilivuta shada hadi fremu ikaanguka kifudifudi. Mtoto akala mchoro uliochorwa swala kwa kalamu za rangi, akaumaliza wote, akabaki na kipande kimening'inia mdomoni. Sikucheka wala sikulia. Nilitazama tu hadi wakafika kwenye kadi.

"Security!" Madam alikuwa mlangoni. "What are you doing?"

Nilimjibu jibu pekee nililofundishwa. "Yes, madam," nikasema, na sikuinua hata mkono. Akasema tena. Nikajibu tena vilevile. Yes, madam. Yes, madam. Hadi akaelewa.

Wiki haikuisha nikahamishiwa Ras Al Khor. Nalinda geti la ghala la vipuri vya magari, milango na injini zimepangwa hadi juu, vumbi na mafuta, wala hakuna jani hata moja la kuliwa. Madereva wa malori hawaniulizi habari za wanyama. Bibi alinitumia salamu na mkate kwa dereva wa mwanawe. Akasema wakazi wameanza kulalamika kwamba mtaa umepooza, na nyumba zilizo sokoni bado zinatangazwa kwa ile picha ya swala na mkono wa mtoto, kwa hiyo anavyosikia wataletwa wengine, wachache tu.

Mwenzangu alinipigia simu siku moja nikiwa kwenye chakula cha mchana. Nikamwuliza mguu.

"Unakunja, lakini si poa. Mlima ndio shida." Kwao kote ni milima. "Watu wa hapa wanauliza nilifanyika nini. Nawaambia niligongwa na gari Dubai."

"Mbona?"

"Sasa nitawaambia aje, sista? Nimetoka Murang'a, baba ameuza shamba, nimepanda ndege, ndio nikapigwe pembe na swara? Gari ni afadhali. Gari wanaelewa."

Nikamweleza habari ya maua. Nilikuwa nimemwekea, nikijua itamfurahisha. Nilipofika kwa mtoto wa swala na mchoro alicheka hadi akakohoa, nikafurahi kusikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu basi lile. Kisha akauliza.

"Yalikuwa maua mob?"

"Mob, mengi sana."

"Na picha?"

"Na picha."

"Mimi walikuja hospitali mara moja," akasema. "Waliniuliza kama nitarudisha uniform."

Nikamwuliza kama aliirudisha.

"Shati na kofia walichukua. Longi ilikuwa na damu, wakasema nikae nayo. Mathe ameishona pale iliingia pembe." Nyuma yake nilisikia watu wakiitana, na kikapu kikiburuzwa. "Ndio nimevaa sasa hivi. Niko kwa chai, nachumia yule jamaa alinunua shamba yetu."